Karatasi ya Pande Mbili

"Halipo," fundi kompyuta alisema, akajiegemeza kitini kama mtu aliyeshiba.

"Tafuta tena."

"Mzee, nimetafuta kwa jina. Nimetafuta kwa tarehe. Nimetafuta kwa neno lililomo ndani. Nimeingia hadi kwenye kapu la taka, nako kumefagiliwa mpaka unaweza kulia chakula humo. Halipo."

Mpelelezi alikuwa amesimama nyuma yake, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Viti viwili vilikuwa wazi na hakuna hata kimoja alichokitazama. Enzi zake za upolisi wenzake walimpa jina la Kiroboto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali, na alipostaafu mahakama ikamchukua kuchunguza yale mambo madogo ambayo polisi hawana muda nayo. Jina likamfuata huko huko. Mke wake mwenyewe alikuwa akilitumia akimkasirikia.

Jambo la leo lilikuwa dogo kulitaja. Palikuwa na mtoto wa kike, yatima wa baba na mama, akilelewa na bibi yake mzaa baba. Mjomba wake aliomba mahakama impe mtoto akaishi naye mji mwingine. Afisa ustawi wa jamii, mwanamama wa makamo asiye na makuu, akatumwa kuchunguza ni wapi mtoto atatunzwa vizuri zaidi. Jana ripoti yake ilisomwa mbele ya hakimu: mtoto aende kwa mjomba. Karani hajamaliza hata kukunja karatasi, afisa mwenyewe akasimama na kusema kwamba hiyo siyo ripoti yake. Yake ilisema mtoto abaki kwa bibi.

Wakili wa mjomba alicheka kwa adabu. Ripoti imetoka kwenye barua pepe yako wewe, dada, na jina lako liko chini. Kama ipo nyingine, iko wapi? Na tutajuaje kwamba hukuiandika baada ya kuona machozi ya bibi?

Hakimu aliahirisha mpaka leo alasiri, akamwita Kiroboto pembeni. "Niletee hilo faili na tarehe yake, au niletee aliyelifuta. Ukikosa vyote viwili nitaamua kwa karatasi niliyo nayo." Maana yake ilikuwa wazi hata kwa asiyesoma sheria. Alasiri ikipita bila kitu, jioni mtoto yumo ndani ya gari la mjomba.

"Kwa hiyo limefutwa," Kiroboto alisema.

"Lingefutwa na mtu asiyejua kufuta, ningeona mabaki. Hapa kuna mtu anayejua kazi, au hapakuwa na faili tangu mwanzo. Chagua mwenyewe." Fundi alitazama saa ya ukutani. "Sasa mzee, niachie nifanye yangu. Mkuu wa ofisi ya ustawi ameagiza kompyuta yao niipige windo upya, nifute vyote nianze moja, anasema ina virusi. Ofisi nzima inaitegemea hii moja."

Kiroboto alikuwa ameshafika mlangoni. Kichwani alikuwa amekwisha liacha faili na kuanza kumwinda mtu. "Aliyekuletea ni nani?"

"Yule mwanamume wao msafi."

"Alikuja mbio?"

"Alikuja na kitambaa. Akaifuta vumbi kwanza ndipo akanikabidhi."

"Endelea na kazi yako," Kiroboto alisema, akatoka. Maneno hayo aliyatamka kirahisi, na kabla jua halijapinduka alikuwa akiyajutia.

Ofisi ya ustawi ilikuwa chumba kimoja kirefu, meza zimepangwa ukutani na watu kwenye benchi katikati. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni wakichora. Kiroboto nusura aikanyage katoni iliyokuwa chini ya printa, iliyojaa karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja. Ubavuni mtu alikuwa ameiandika kwa kalamu nene: ZA KUCHORA. Mtoto akiletwa na wakubwa wake kwa shauri, hupewa karatasi na penseli za rangi apate la kufanya, na wakubwa wapate nafasi ya kugombana.

Ukutani kulikuwa na tangazo la mkuu wa ofisi: KARATASI ISIYO NA ANWANI CHINI HAISAINIWI.

"Anwani gani?" Kiroboto aliuliza.

Mkuu, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, alifurahi kuulizwa. "Walikuwa wananipotezea mafaili hawa. Sasa kila karatasi inayotoka kwenye printa yangu ina mstari mdogo chini, unaosema faili linaitwaje na limehifadhiwa folda gani. Kompyuta inauweka yenyewe. Tangu hapo halijapotea hata moja."

"Isipokuwa hili."

Mkuu akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akagundua kosa, akairudisha. "Hili lina mkono wa mtu," alisema.

Mtu mwenyewe alikuwa kwenye meza ya mwisho, akipanga klipu za karatasi kwa ukubwa. Ofisini walimwita Fagio. Kompyuta walikuwa wakiitumia kwa zamu, asubuhi afisa ustawi, mchana yeye, na mezani pale ilipokuwa haikubaki hata alama ya vumbi.

"Ripoti ilitumwa Alhamisi. Baada ya hapo ulifuta nini?" Kiroboto alimwanza bila salamu.

"Ninachofuta kila Ijumaa. Kapu la taka. Na ile orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni. Sipendi mtu akikaa pale aone nilikuwa nasoma nini."

"Unaficha nini?"

"Sifichi kitu. Hata nyumbani nafunga mlango wa kabati."

"Mjomba wa mtoto alionekana amekaa na wewe hapa wiki iliyopita."

Fagio aliacha klipu. "Alikuja kumwulizia dada, akamkosa. Nikampa kiti na maji. Ulitaka nimwache amesimama juani, mtu mzima? Na wewe nimekupa kiti, umekikataa."

"Mliongea nini?"

"Aliniuliza mtoto wa darasa la tatu anavaa viatu namba ngapi. Nikamwambia sijui, mimi sina mtoto. Akasema na yeye hajui." Fagio alizirudia klipu zake. "Bwana mpelelezi, mimi hufagia panapoonekana. Vya watu ndani ya mafolda sigusi. Na kompyuta nimeipeleka kwa fundi kwa amri. Mwulize mkuu."

Mkuu alitikisa kichwa kukubali. Mikono ya Kiroboto ilikuwa inamwasha. Alimtaka huyu mtu awe mwongo, na huyu mtu alikuwa akisema kama mtu anayechoshwa na maswali, bila haraka na bila jasho.

Afisa ustawi alikuwa nje, ukutani, amesimamishwa kazi tangu jana na hajui aende wapi. Macho yalikuwa mekundu.

"Nieleze tena, dada. Taratibu. Ripoti uliiandikaje?"

"Rasimu ya kwanza niliandika kabla sijawatembelea. Kwa karatasi tu, mzee. Kazi ya mjomba, nyumba ya mjomba, shule iliyo karibu. Kwa karatasi mjomba anashinda. Nikamtumia mkuu, akanirudishia kwa barua pepe amenisahihishia koma. Basi faili nikalifungua palepale, nikaendelea humo humo."

"Ukaenda kuwatembelea."

"Nikaenda. Kwa mjomba nikakuta kitanda cha mtoto bado kina nailoni ya dukani. Mtu mwenyewe hayupo. Wiki hii yuko safarini, wiki ijayo yuko safarini. Nikamwuliza, mtoto atabaki na nani? Akasema kuna mlinzi wa geti, mtu mwaminifu sana." Alijifuta pua. "Nikarudi nikaibadilisha ripoti nzima. Kila asubuhi nikifika nalikuta juu kabisa kwenye ile orodha ya mafaili ya karibuni, nabofya, linafunguka na maneno yangu yote yamo. Ningeota hayo?"

"Na siku ya mwisho?"

"Alhamisi nikamaliza, nikasevu. Nikairudia ile barua ya mkuu, ilikuwa na kiambatisho tayari, nikaifowadi kwa karani wa mahakama. Jana baada ya kikao nikakimbilia kompyuta. Orodha tupu. Nafungua barua, nakuta rasimu ya zamani imenikodolea macho."

"Hukuchapisha?"

"Kurasa chache, nizisome vizuri. Printa ilikuwa inakata maneno pembeni, nikazitupa."

"Ukazitupa wapi?"

Kwa mara ya kwanza alichelewa kujibu. Macho yake yalikwenda dirishani, kule ndani, yakashuka sakafuni, yakarudi. "Kwenye takataka," alisema.

Kiroboto aliona uongo pale, mdogo na wa woga, wala hakujua wa nini. Aliuweka akilini, akaondoka.

Kulikuwa na upande mmoja hajauonja. Wakili alisema afisa amenunuliwa kwa machozi, na mwenye machozi alikuwa akiishi nyuma ya soko la nguo, chumba cha mwisho uani. Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Karibu na mlango palikuwa na mfuko wa nguo uliofungwa vizuri kwa kamba, na juu yake viatu vya shule vilivyopigwa rangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Nitasimama, asante. Mfuko huu?"

"Wa mjukuu wangu." Bibi alikuwa mkavu wa mwili na mnyoofu kama rula. "Nimemfungia mwenyewe. Sitaki afungiwe na mtu asiyejua kipi anavaa na kipi kimembana. Wakisema aende, ataenda na vitu vilivyokunjwa."

Hapo Kiroboto aliona aibu, na hakujua aifanyie nini, akaanza kutembea. Chumba kilikuwa hatua chache tu. Alikwenda mpaka kitandani, akarudi mpaka cherehani.

"Ulimfuata yule afisa nyumbani kwake, mama?"

"Hata nyumba yake siijui."

"Ulimwomba chochote?"

"Nilimwomba aongee polepole, maana sikio hili halisikii. Basi."

Mtoto alikuwa ameketi kitandani na sare ya shule, miguu haifiki chini, akimfuata Kiroboto kwa macho kwenda na kurudi. "Bibi, babu huyu anatafuta choo?"

"Nyamaza wewe."

"Anatembea sana."

"Ninatafuta kitu kilichopotea," Kiroboto alimwambia.

"Kitu gani?"

"Karatasi."

"Mimi ninayo," mtoto alisema, akaonyesha dirishani.

Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, na pengo limezibwa kwa picha iliyobandikwa kwa gundi ya plastiki. Kitanda, mtu mrefu, mtu mfupi, beseni. Kiroboto angeitazama kama mtu mzima anavyotazama picha ya mtoto, angesema nzuri sana na kugeuka. Lakini jua lilikuwa limehamia upande ule. Lilipita katikati ya karatasi, na nyuma ya kitanda na beseni yakaonekana maneno, mistari kwa mistari, yamegeuzwa kinyume.

Alisimama. Kweli alisimama, miguu yote miwili.

"Hii ulichorea wapi, mwanangu?"

"Kwa yule mama wa ofisini. Alhamisi. Bibi alikuwa anaulizwa maswali. Nilichukua ya juu kabisa, ilikuwa bado ya moto."

"Naomba niibandue."

"Usiichane."

"Sitaichana."

Aliibandua kwa kucha, pembe moja baada ya nyingine, akaigeuza. Printa ilikuwa imekata maneno pembeni, lakini yaliyobaki yalitosha: *hivyo mtoto angebaki na mlinzi wa geti kwa sehemu kubwa ya mwe*... na chini yake, *napendekeza abaki kwa bibi yake, ambaye*... Kiroboto alielewa sasa yale macho ya afisa yalikwenda kutazama nini sakafuni. Ripoti ya siri ya mtoto, kurasa zake ni za kuchanwachanwa, na yeye amezitupa kwenye katoni ya kuchora. Kwa hilo peke yake mtu anafukuzwa kazi.

Lakini karatasi haina tarehe. Wakili angesema imechapwa jana. Kiroboto aliisogeza kwenye mwanga, akashuka mpaka chini kabisa, mahali pa mstari mdogo wa mkuu. Asubuhi alikuwa ameona mistari kama hiyo kwenye karatasi za mezani, mifupi, yote ikitaja folda ya ripoti. Huu ulikuwa mrefu, umevunjika mara mbili. Ulipita folda hii na ile, ukaingia kwenye folda yenye jina la herufi na tarakimu zilizochanganywa ovyo, jina ambalo hakuna binadamu angelitunga, na mwisho kabisa ndipo jina la ripoti likatokea, na tarakimu 2 ndani ya mabano.

Faili lilikuwepo. Lilikuwa na anwani. Na yeye mwenyewe asubuhi alimwambia fundi aendelee na kazi yake.

Alitoa simu. Fundi hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Mama, nendeni mahakamani, tutakutana huko. Karatasi hii naondoka nayo."

Mtoto alishuka kitandani. "Inaenda wapi picha yangu?"

"Nitakurudishia."

"Kweli?"

"Kweli," alisema, na tayari alikuwa uani, akiruka beseni za watu.

Alikata katikati ya soko, picha ameishika juu ya kichwa isije ikakunjika, jasho likimtiririka mgongoni. Alimsukuma mtu, akaomba radhi kwa mwingine. Kila alipofumba macho aliona skrini ikiandika asilimia, tisini, tisini na mbili. Kupiga windo upya ni kama kubomoa nyumba na kujenga nyingine kwenye kiwanja kile kile. Hakuna chumba kinachobaki.

Duka la fundi lilikuwa wazi. Fundi alikuwa akila.

"Umeshaipiga?" Kiroboto hakuitambua sauti yake.

"Ipi? Ah, ile. Bado. Flashi yenye windo nilimwazima jamaa wa duka la ng'ambo ya barabara, tangu asubuhi namsubiri. Huyo, anakuja."

Jamaa wa ng'ambo aliingia akitabasamu, flashi mkononi. Kiroboto alimpita, akaweka kiganja chake kizima mbele ya kompyuta, akafunika matundu yote ya kuchomekea flashi.

"Mzee, vipi?"

"Simu yako imezimwa kwa nini?"

"Chaji. Kaa basi unywe maji."

"Washa hii kompyuta. Kisha andika ninachokusomea."

Alisoma, fundi akaandika, herufi kwa herufi, na kila mkwaju, ule mstari wa mshazari unaotenga folda na folda. Fundi akabonyeza. Skrini ikajibu kwamba mahali hapo hapapo.

"Nipe nione," fundi alisema. Aliinamia karatasi. "Hii hapa, penseli ya beseni imepenya. Mimi nimeweka sifuri. Kama ni herufi O?"

"Weka herufi."

Akaweka. Folda ikafunguka.

Ndani yake kulikuwa na msongamano wa vitu, tangazo la semina, picha ya keki, mafaili yenye majina yanayojirudia. Katikati yake lilikuwepo, na mabano yake na namba yake. Pembeni: *Limebadilishwa mara ya mwisho, Alhamisi, jioni.*

Fundi alinyoosha kidole kubofya.

"Usilifungue! Ukilisevu kwa bahati mbaya tarehe inabadilika."

"Kweli." Fundi alirudisha mkono mapajani, akaguna. "Kumbe amelifungulia ndani ya barua pepe. Ndiyo maana sikuliona. Folda hii imefichwa, ukitafuta kawaida kompyuta haiingii humu."

"Nieleze kama mtoto."

"Mtu anakuletea barua ndani ya bahasha. Ukilifungua faili palepale kwenye barua pepe, kompyuta inakutolea nakala, inaiweka huku chumbani pa vitu vya muda, unaandika kwenye nakala. Unasevu, inasevu. Kesho unalikuta kwenye orodha, na mabadiliko yako yote. Unaamini umebadilisha barua. Lakini kwenye bahasha bado imo ile ile aliyokuletea. Siku ya kutuma, ukituma bahasha…"

"Unatuma ya zamani."

"Bila hata kujua. Mwenzako akifuta orodha, njia ya kurudi huku imekufa. Wanaliletea duka hili kilio hicho kila mwezi, ila wengine huwa hawana bibi mahakamani."

"Kwa hiyo hakuna aliyelifuta."

"Hakuna."

Kiroboto alijikuta amevunjika moyo kidogo, na akajichukia kwa hilo. Tangu asubuhi alikuwa na njaa ya mhalifu. Alishamwona, alishamsikia akihojiwa, alishampa sura ya Fagio. Sasa palibaki mwanamke mmoja aliyefowadi barua, mwanamume mmoja anayependa usafi, na yeye mwenyewe aliyetoa ruhusa ushahidi ufutwe.

"Chomoa nyaya," alisema. "Naibeba."

"Kompyuta nzima?"

"Nzima. Na wewe unakuja. Utamweleza hakimu habari ya bahasha."

Kwenye ukumbi wa mahakama afisa ustawi alikuwa amesimama peke yake, watu wamemwachia nafasi kama mgonjwa. Kiroboto aliweka kompyuta chini, akamwonyesha karatasi upande wa maandishi. Kisha akaigeuza.

Alielewa mara moja. Mkono ukaenda mdomoni.

"Faili limepatikana na tarehe yake," Kiroboto alisema kwa sauti ya chini. "Kompyuta hii inatosha. Karatasi naweza kuisahau mfukoni. Nguo zangu zina mifuko mingi."

"Wakili atakuuliza ulijuaje pa kutafuta."

"Ataniuliza."

"Utasemaje?"

"Sijui. Sijawahi kuwa hodari wa kudanganya mbele ya hakimu. Wakati mwingine napatia."

Afisa alitazama mwisho wa ukumbi. Bibi alikuwa ameketi wima kwenye benchi, mfuko wa nguo mapajani, na mtoto akiegemea ubavu wake. Mjomba alikuwa upande wa pili, funguo za gari mkononi.

"Itoe," alisema. "Itoe tu, mzee. Mimi nitatafuta kazi. Yeye hana pa kutafuta bibi mwingine."

Wakili aliuliza, kama ilivyotarajiwa, tena kwa tabasamu. Kiroboto akaitoa karatasi. Fundi akaeleza bahasha mara mbili, mara ya pili kwa hakimu peke yake, kwa sababu hakimu alitaka kuhakikisha mafaili yake mwenyewe ya nyumbani hayajapatwa na hayo. Faili likafunguliwa mbele ya wote bila kuseviwa upya, karani akalisoma. Alipofika kwenye mlinzi wa geti, mjomba aliinamisha kichwa. "Mlinzi wangu ni mtu mzuri," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Hakimu, mama wa miaka mingi kitini pale, aliishika ile karatasi kwa muda mrefu kuliko mstari mdogo ulivyohitaji. Aliigeuza.

"Hii nini?" aliuliza, akimtazama mtoto.

"Hiyo ni bibi ananisubiri nimalize kuoga."

"Mbona amesimama?"

"Akikaa analala."

Hata wakili alicheka, na safari hii alisahau adabu. Hakimu aliandika kwa muda. Kisha akasema kwamba ripoti iliyosomwa jana anaiondoa, ripoti ni hii ya Alhamisi, na mtoto atabaki alipo. Habari ya karatasi ya siri kufika mikononi mwa mtoto, mkuu wa ofisi ataishughulikia, na ataandikiwa kwamba bila kosa hilo, lile la kutuma ripoti ya zamani lisingejulikana. Bibi hakulia. Alifungua kamba ya mfuko, akaanza kuitia fundo upya, halafu akaiacha wazi.

Watu walianza kuinuka. Mtoto alitoka kwenye benchi, akaenda moja kwa moja mpaka mezani kwa karani.

"Naomba picha yangu."

Karani alikuwa ameshaipiga muhuri. "Hii sasa ni kielelezo, mwanangu. Ni ya mahakama."

"Babu alisema nitarudishiwa."

Macho yote yalimgeukia Kiroboto. Alikuwa amewahi kukabiliana na watu wenye mapanga, na hakuna aliyewahi kumtazama hivi.

"Basi nipeni karatasi nyingine," mtoto alisema, akiwa ameshawasamehe. "Nitachora tena."

Afisa ustawi alikuwa karibu naye. Kwa mazoea ya miaka, bila kufikiri, aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa karatasi iliyochapwa upande mmoja. Akaiona. Hakimu akaiona. Mkono wa afisa ukabaki hewani.

Kiroboto alivuta kiti cha karibu, akakaa. Alitoa daftari mfukoni, akachana ukurasa, akautazama mbele, akautazama nyuma, akauinua kwenye mwanga wa dirisha ahakikishe. Ndipo akampa.